Eabrashi Inayotema, Kuziba au Kugoma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Spana

Wengi wanaoniletea eabrashi, yaani kifaa kidogo cha mkononi cha kupulizia rangi kwa hewa, wakisema imeharibika huwa wameshaifungua yote kabla ya kufika, na mara nyingi uharibifu ninaoukuta umetokana na huko kuifungua, si na tatizo lililowafanya waifungue. Nozeli ni kipande chembamba cha chuma ambacho katika eabrashi nyingi ukubwa wake unakaribia punje ya mchele, na ukiikaza kupita kiasi hata kidogo tu, inapasuka. Ya kwanza niliipasua mwenyewe kwa namna hiyo hiyo. Nilikuwa na oda ya fulana 40, rangi ikaanza kutoka kwa kigugumizi, nikachukua spana, nikaifungua nozeli, nikaisafisha, kisha nikairudisha na kuikaza kama ninavyokaza nati ya baiskeli. Chanzo halisi kilikuwa rangi iliyozidi uzito kwa sababu chupa ilikaa wazi tangu asubuhi. Matone machache ya maji yangetosha. Badala yake nilisubiri nozeli mpya kwa wiki tatu, na mwenye fulana akapeleka kazi yake kwingine.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetaja vyanzo kuanzia kinachotokea sana hadi kinachotokea kwa nadra. Nimechukulia kwamba una eabrashi ya aina inayotumiwa na wengi, yaani ile ya triga yenye miendo miwili, ambayo ukiibonyeza chini inatoa hewa na ukiivuta nyuma inarudisha sindano na kuruhusu rangi itoke. Nozeli ina tundu la kati ya milimita 0.2 na 0.5, na sindano ndiyo inayoziba na kufungua tundu hilo. Katika nafasi ndogo namna hiyo, punje moja ya rangi iliyokauka inabadilisha kazi nzima.

Jaribio la maji, kwa dalili yoyote ile

Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, mwaga rangi yote, suuza kikombe, weka maji safi, kisha puliza juu ya karatasi kwa presha ile ile uliyokuwa ukitumia. Kama ulikuwa na rangi ya thina, tumia thina yake badala ya maji, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Maji yakitoka kwa ukungu mwembamba, ulio sawa pande zote na usiokatika, kifaa chako ni kizima, na tatizo liko kwenye rangi au kwenye namna ulivyoichanganya. Maji nayo yakitema, yakienda upande au yakigoma kutoka, basi tatizo liko kwenye hewa au kwenye kichwa cha eabrashi. Jaribio hili linachukua dakika mbili, na sijui hatua nyingine inayookoa vifaa vingi kuliko hiyo.

Hewa inatoka lakini rangi haitoki

Chanzo cha kwanza ni rangi iliyokauka kwenye ncha ya sindano. Chovya brashi ndogo laini kwenye maji au spiriti, pangusa ncha ikiwa bado mahali pake, kisha bonyeza hewa na uvute triga hadi mwisho mara tatu au nne huku umeielekeza kwenye kitambaa.

Cha pili ni rangi nzito. Vipimo vinavyoandikwa kwenye chupa vinasaidia, lakini jicho linasaidia zaidi: inamisha kikombe na utazame rangi inavyoteremka ukutani. Ikiteremka kama maziwa freshi kwenye glasi, ikiacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, inafaa. Ikiteremka polepole kama mtindi, haitapita kwenye nozeli ya 0.3 hata ukiongeza presha. Punguza uzito kwa matone, si kwa kumimina, na uchanganye kwenye kichupa cha pembeni badala ya ndani ya kikombe, kwa sababu rangi nzito inayotangulia chini ya kikombe huingia kwenye nozeli kabla haijachanganyika.

Kwa eabrashi yenye chupa chini, kagua kitundu kidogo kilichoko juu ya kifuniko cha chupa. Kazi yake ni kuingiza hewa kadiri rangi inavyopungua, na kikiziba rangi haivutiki hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Vikombe vya juu vyenye kifuniko vina kitundu kama hicho. Aina hii ya chupa pia inahitaji presha kubwa zaidi kuliko ile ya kikombe cha juu, kwa kuwa hewa inalazimika kuinua rangi. Ukiipa psi 12 (psi ni kipimo cha presha ya hewa) zinazotosha kikombe cha juu, inaweza isitoe kitu.

Ikiwa yote hayo ni sawa, fungua mkia wa eabrashi na utazame nati inayobana sindano. Ikilegea, triga inarudi nyuma lakini sindano inabaki mahali pake. Isukume sindano mbele kwa upole hadi ikome yenyewe, kisha kaza nati kwa vidole.

Ni baada ya hapo tu ndipo nozeli inafunguliwa. Vuta sindano kwanza, kwa sababu kuondoa nozeli sindano ikiwa ndani kunaweza kupinda ncha au kupanua tundu. Loweka nozeli peke yake kwenye kiyeyusho kinacholingana na rangi uliyotumia, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha toa uchafu kutoka upande wa nyuma, ule mpana, kwa kijiti laini au brashi ya nyuzi chache. Usiingize pini, sindano ya cherehani wala waya kupitia tundu la mbele. Wakati wa kurudisha, izungushe kwa vidole hadi ikome, kisha spana ipewe mguso mdogo tu. Usiloweke eabrashi nzima kwenye thina, kwa sababu oringi, yaani pete ndogo za mpira zilizomo, huvimba na kuanza kuvuja, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Inatema madoa

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na linachanganya watu kwa sababu vyanzo vyake viwili vikuu havihusiani kabisa. Kabla ya kutazama kifaa, tazama doa lenyewe, ikibidi kwa kioo cha kukuzia. Doa la rangi iliyoganda ni zito katikati na lina kingo kali. Doa la maji ni kinyume chake: katikati pamefifia na pembeni pana pete iliyokolea, kwa sababu tone la maji limeisukuma rangi nje. Ukishatambua ni lipi, nusu ya kazi imekwisha.

Doa la rangi kwa kawaida linatokana na namna kidole kinavyoachia triga. Mtumiaji anapomaliza mstari anaachia kila kitu kwa pamoja, hewa inakatika wakati sindano bado iko wazi, na tone dogo la rangi linabaki kwenye ncha likisubiri. Hewa inaporudi, tone hilo ndilo linalotangulia kufika kwenye kazi. Utaratibu sahihi ni hewa kwanza, rangi baadaye. Na wakati wa kumaliza, rangi ikatike kwanza na hewa iendelee kwa nukta moja. Fanya mazoezi kwenye gazeti, mistari hamsini bila kuacha hewa, hadi kidole kizoee. Chanzo kinachofuata ni punje ndani ya rangi: ichuje kupitia soksi ya nailoni au kitambaa chembamba kabla ya kuimimina, hasa ikiwa chupa ilishafunguliwa na kuota ngozi kwenye mdomo wake. Cha nadra zaidi ni nozeli iliyopasuka, ambayo nitaieleza kwenye sehemu ya mapovu.

Doa la maji lina historia yake, na sisi wa pwani tunaijua vizuri kuliko mafundi wa bara. Kompresa inapoikandamiza hewa, hewa hiyo hupata joto, na unyevu uliomo unabaki kama mvuke. Ikishapoa ndani ya mpira unaoipeleka kwenye eabrashi, mvuke unageuka maji. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa masika, saa mbili za kazi zinaweza kujaza bakuli la kichujio cha maji hadi mstari wake wa juu. Alasiri moja ya Aprili, mvua ikiwa imetoka kukatika, niliona vitone vikitembea ndani ya mpira wangu unaopitisha mwanga, kimoja kikikutana na kingine, vikisukumwa taratibu kuelekea mkononi mwangu, wakati bakuli la kichujio lilikuwa karibu tupu. Kichujio kilikuwa kimefungwa juu ya kompresa yenyewe, mahali ambapo hewa bado ni ya moto, kwa hiyo mvuke ulipita bila kunaswa na kugeuka maji mbele yake.

Tiba inaanza na kufungua koki iliyo chini ya tangi na kumwaga maji kila siku baada ya kazi, presha ikiwa imeshushwa. Kisha refusha mpira kati ya kompresa na kichujio, mita tatu au zaidi, ili hewa ipoe kabla ya kufika kwenye bakuli. Ikiwa bado maji yanapita, ongeza kichujio kidogo kinachofungwa chini ya eabrashi. Hakikisha pia bakuli liko wima, kwa sababu likilala upande maji yanarudi kwenye njia ya hewa.

Ncha inakauka kila baada ya dakika chache

Rangi za maji za akriliki hukauka haraka, na hewa inayopita juu ya sindano inazikausha haraka zaidi. Kila mtu anayezitumia ataiona dalili hii, kwa hiyo lengo ni kuipunguza, si kuimaliza. Anza na presha: ukiweza kushuka kutoka psi 30 hadi 20 na rangi bado ikatoka vizuri, shuka. Ondoa feni inayopuliza upande wako, na usifanye kazi juani. Kisha angalia ulichochanganyia. Maji matupu yanapunguza uzito wa rangi lakini hayacheleweshi kukauka; kiyeyusho kilichotengenezwa kwa ajili ya rangi hiyo, au matone ya kichelewesha ukavu, yanafanya kazi zote mbili. Usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, la sivyo rangi itabaki ikinata kwa siku kadhaa. Na mezani pako kiwepo kipamba kilicholoweshwa spiriti, ili kila baada ya dakika chache upanguse ncha bila kusubiri iteme.

Ikiwa ncha inakauka hata kwa rangi nyepesi na presha ndogo, ivute sindano na uipitishe polepole juu ya ukucha huku ukiizungusha. Ukihisi mkwaruzo, ncha imepinda au ina ndoano, na rangi inashika hapo. Mpindo mdogo unaweza kunyoshwa kwa kuiviringisha sindano juu ya kioo huku kidole kikikandamiza taratibu, kisha kuisugua kwa msasa namba 2000 ukiivuta kwa nyuma, ncha ikifuata, si ikitangulia. Mpindo unaoonekana wazi kwa macho hauna dawa; nunua sindano mpya ya namba ile ile na nozeli yake.

Mapovu yanapanda kikombeni

Mapovu yana maana moja tu: hewa iliyopaswa kutoka mbele inapenya nyuma na kuingia kwenye njia ya rangi. Swali ni inapenyea wapi.

Kagua kwanza kofia ya nozeli. Ikilegea kwa robo mzunguko tu, mapovu yanaanza. Ikaze kwa vidole. Pili, ncha iliyoziba kwa rangi inaweza kuirudisha hewa nyuma, kwa hiyo isafishe. Tatu, mahali nozeli inapokaa kuna oringi au mgusano wa chuma kwa chuma ambao haufungi vizuri kwa sababu ya ukoko wa rangi. Ukishasafisha na tatizo likabaki, paka nta ya nyuki kidogo sana kwenye thredi za nozeli kabla ya kuirudisha. Ni tiba ya zamani na inafanya kazi. Lakini usipake kwenye ncha, na usitumie gundi ya aina yoyote.

Cha mwisho ni nozeli iliyopasuka. Itazame kwa kioo cha kukuzia dhidi ya mwanga, na ufa utauona kama unywele mweusi unaoanzia kwenye mdomo. Nozeli iliyopasuka haitengenezeki, na kuikaza zaidi kunaipasua zaidi. Hapa simama.

Rangi inatambaa kama miguu ya buibui, au inakuwa kavu kama msasa

Makosa haya mawili ni ncha mbili za kamba moja. Rangi inayotambaa imefika ikiwa majimaji mno: umeikaribia kazi sana, umevuta triga kupita kiasi, presha ni kubwa kwa umbali huo, au rangi ni nyepesi kuliko maziwa. Kwa mistari myembamba, shusha hadi psi 10 au 15, ukaribie hadi sentimita moja au mbili, na uivute triga kwa unywele tu. Ukikaribia bila kushusha presha, hewa yenyewe ndiyo inayosukuma rangi kando.

Rangi ya kukwaruza imekaukia hewani kabla ya kufika. Sogea karibu, punguza presha, ongeza kiyeyusho. Anayefunika eneo kubwa kwa umbali wa sentimita 25 mahali penye upepo atapata vumbi la rangi badala ya koti, yaani tabaka laini la rangi.

Triga ina matatizo yake

Rangi ikitoka unapobonyeza hewa tu, bila kuvuta, sindano haijafika mwisho wa nozeli. Ilegeze nati ya sindano, isukume mbele taratibu, kisha kaza. Ikiendelea, kuna uchafu ndani ya nozeli unaoizuia sindano isikae, au nozeli imepanuka.

Triga ikiwa nzito au ikirudi polepole, rangi imevuka oringi ya sindano na kukauka kwenye mwili wa nyuma. Vuta sindano na uipanguse yote. Ukikuta rangi kwenye nusu ya nyuma, oringi hiyo imelegea au imechakaa. Kuna skrubu ndogo inayoikaza, na inatosha kuigeuza kidogo, kwa kuwa ukiikaza sana sindano inakwama. Baada ya kusafisha, paka sindano grisi maalumu ya eabrashi, kiasi cha kichwa cha pini. Mafuta ya kupuliza ya kopo yasitumike, kwa sababu baadhi yana silikoni, nayo ikifika kwenye rangi inaleta tatizo ninalolieleza hapa chini.

Hewa ikiendelea kutoka hata baada ya kuachia triga, vali iliyo chini yake imekwama kwa uchafu, au springi au oringi yake imechoka. Kuifungua vali kunahitaji kifaa chake na mkono uliozoea. Kama hujawahi, mpelekee fundi.

Vishimo vya mviringo juu ya bati

Fundi anapuliza koti zuri juu ya tangi la pikipiki, na kabla halijakauka rangi inajikunja na kuacha vishimo vidogo vya mviringo kama macho ya samaki. Uso una mafuta. Mara nyingi ni polishi ya zamani au alama za vidole, na tiba ni kuosha kwa sabuni, kupangusa kwa kiyeyusho cha kuondoa mafuta kwa kitambaa kimoja na kukausha kwa kingine, kisha kuvaa glavu. Kupuliza koti jingine juu ya vishimo hakuvifichi. Subiri rangi ikauke, piga msasa, safisha, anza upya.

Vishimo vikirudi juu ya uso uliosafishwa vizuri, mafuta yanatoka kwenye hewa. Chunguza kwa kupuliza hewa tupu juu ya kioo safi kwa dakika moja: ukungu unaoteleza kidoleni ni mafuta. Hapa ndipo inapojulikana tofauti ya kompresa za mota ya friji ambazo mafundi wetu wengi wanajitengenezea. Ni za kimya na zina nguvu ya kutosha, na ninaheshimu ubunifu wake, lakini mota ya friji inaogelea ndani ya mafuta yake na kiasi fulani hutoka na hewa. Bila kichujio cha mafuta, haifai kwa bati wala kwa keki.

Nalo koti la juu linahitaji tahadhari kali. Vanishi za magari zinazochanganywa na hadena, yaani kigumishi, kwa kawaida zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na huwezi kuitegemea harufu ikuonye. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, na hata ile ya vichujio vya kaboni haina njia ya kukujulisha imeshiba. Kama huna chumba cha kupulizia chenye feni ya kutoa hewa nje na kinga ya uso inayoletewa hewa safi, usipulize vanishi hiyo. Maliza mchoro wako kwa eabrashi, kisha peleka tangi kwa fundi wa rangi za magari mwenye vifaa hivyo.

Kompresa inapiga, inaunguruma au inajizima

Mstari ukitoka kwa mapigo, mzito kisha mwembamba, kompresa yako huenda haina tangi, na kila pigo la pistoni linafika kwenye rangi. Mpira mrefu unapunguza mapigo. Tangi hata la lita 3 linayaondoa. Presha ikishuka ukianza kupuliza, iweke regyuleta, yaani kidhibiti cha presha, ikiwa umebonyeza triga, si ikiwa imeachiwa, kwa kuwa namba inayosomeka hewa ikiwa imesimama si ile unayofanyia kazi. Ikishuka hata hivyo, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote na utafute mapovu. Tepu nyeupe ya mafundi bomba inatosha kwenye thredi nyingi.

Kompresa ndogo ikijizima yenyewe katikati ya kazi, huenda imepata joto. Iache ipoe kwa nusu saa, isogeze mbali na ukuta, na uangalie kama inawaka mfululizo bila kupumzika, jambo linaloashiria uvujaji au kazi kubwa kuliko uwezo wake. Ikiunguruma bila kuzunguka, zima mara moja na uchomoe waya, kwa sababu mota inaungua kwa dakika chache. Umeme mdogo na waya mrefu mwembamba wa kuunganishia ndivyo vinavyosababisha hali hiyo zaidi. Ichomeke moja kwa moja ukutani tangi likiwa tupu. Isipowaka, kazi iliyobaki ni ya fundi umeme.

Tangi halina ukarabati wa nyumbani. Kutu inayochubuka, jasho la maji kwenye maungio, au vali ya usalama isiyotoa hewa ukiivuta ni sababu ya kuacha kutumia siku hiyo hiyo. Usichomelee tangi lenye kutu, na usigeuze mtungi wa zamani kuwa tangi la hewa bila swichi ya presha na vali ya usalama. Nimeona mitungi ya aina hiyo ikitumika miaka bila tatizo, na bado siwezi kumshauri mtu yeyote aketi karibu nayo.

Kifaa ni kizima lakini kazi haitoki

Jaribio la maji limepita, rangi ni sawa, presha ni sawa, na bado matokeo hayaridhishi. Hapo eabrashi hailingani na kazi.

Kwa fulana, rangi ya kitambaa ni nzito na lazima iingie ndani ya nyuzi. Nozeli ya 0.5 yenye chupa chini, kwa psi 30 hadi 40, inafaa, na chupa inakuwezesha kubadilisha rangi haraka. Anayejaribu fulana kwa nozeli ya 0.2 atashinda siku nzima akizibua. Baada ya kukauka, piga pasi kwa joto na muda uliotajwa na mtengenezaji, la sivyo rangi itaondoka kwenye maji ya kwanza.

Kwa picha za sura na maandishi madogo, kikombe cha juu chenye nozeli ya 0.2 au 0.3 ndicho kinachotii mkono. Tangi la pikipiki na kofia ya usalama vinakwenda na 0.3 au 0.35 kwa michoro, lakini rangi zenye chembechembe za kung'aa zinahitaji 0.5, kwa sababu chembe zenyewe huziba tundu dogo, na zitikiswe mara kwa mara zisituame chini ya kikombe.

Ubavu wa matatu au daladala ni jambo jingine. Eabrashi haikutengenezwa kufunika mita kadhaa za bati. Rangi ya chini ipigwe kwa bunduki ya rangi, na eabrashi ije baadaye kwa vivuli, nyuso na herufi. Fundi anayelazimisha kufunika ubavu mzima kwa eabrashi huishia na mistari ya koti juu ya koti inayoonekana jua likipiga, kisha analaumu nozeli.

Kwa keki, tumia eabrashi ambayo haijawahi kuguswa na rangi nyingine, pamoja na mpira wake, na rangi za chakula pekee, kwa psi 10 hadi 20. Thina na rangi za magari hubaki kwenye oringi na kwenye thredi hata baada ya kusafisha kwa makini. Eabrashi ya keki iwe na sanduku lake, lenye alama, na isiazimwe na karakana.